Kuogelea ufukwe wa wazi wa Gisenyi (Rubavu), Ziwa Kivu: naomba maelekezo na historia ya pale

NyotaYaMwanza aliandika:

Wakuu, habari za humu. Mwezi wa sita shule zikifunga tunataka kwenda Rwanda, siku tatu hivi, na kituo kikuu ni Gisenyi kwenye Ziwa Kivu. Tupo sita: watu wazima wawili, bibi wa miaka 68, na watoto wa miaka 5, 9 na 14. Tunatokea Mwanza kwa gari dogo.

Naomba kujuzwa haya:

Ule ufukwe wa mjini ni wa wazi kweli au ni wa hoteli? Kuna mamba? Kichocho je? Maana sisi wa Ziwa Victoria hayo mawili ndiyo tunayauliza kwanza. Halafu kuna hili la gesi, nimesikia ziwa lile linaweza "kulipuka" na kwamba watu hufa ufukweni bila kuguswa na kitu. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Mwisho, huyu wa miaka 14 anapenda historia. Nikimsimamisha pale ufukweni, nimwonyeshe nini na nimwambie nini? Asanteni.

---

Msambaza alijibu:

Dada, karibu. Nianze na maji.

Ufukwe wa mjini ni wa wazi, hakuna kiingilio. Umetandazwa mbele ya barabara ya kando ya ziwa yenye miti mikubwa na minazi ya mapambo, na hoteli zina vipande vyao pembeni. Ukiwa umekaa kwenye viti vya hoteli utatakiwa kuagiza kitu, ukitandika kanga yako mchangani hakuna wa kukuuliza. Mchanga wenyewe si mweupe kama wa Kigamboni. Ni wa kahawia kuelekea kijivu, na ukiuchota mkononi utaona chembe nyeusi: hizo ni mawe ya volkano yaliyosagika.

Mamba hakuna. Viboko nao si wa kuhofia pale. Kichocho ndicho usikidharau: kipo kwenye baadhi ya fukwe za Kivu, ingawa watu wengi watakwambia hakipo kabisa. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye matete na majani, kwa hiyo ingia pale penye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi. Kwenye matete na midomo ya mito mwiko. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa tano hadi saa nane, basi oga asubuhi. Kujifuta taulo haraka ni vizuri lakini si kinga ya kutegemea. Mkirudi Mwanza, subirini wiki sita hadi nane ndipo mpime choo. Mkipima wiki ya kwanza mtaambiwa hamna kitu, kwa sababu minyoo haijaanza kutaga.

Sasa hatari yenyewe ya pale, ambayo wageni hawaiulizi: chini kunaporomoka. Hili si ziwa la beseni kama Victoria, ambalo kina chake hakifiki mita 90. Kivu ni bonde lililopasuka kisha likajaa maji, na sehemu yenye kina kirefu zaidi ni karibu mita 480. Mtu anatembea maji yakiwa kiunoni, hatua chache mbele hagusi tena. Mtoto wa miaka 5 asivuke magoti, wa 9 asivuke kiuno, na mtu mzima awe upande wa ziwa, si upande wa nchi kavu. Waogelee sambamba na ufuo, wasielekee ndani. Usitegemee kumkuta mwokozi anayelinda.

Na hili kwa waliozoea chumvi ya bahari: maji ya Kivu yana chumvi ya gramu moja hivi tu kwa lita, bahari ina 35. Mwili hauelei kama Bagamoyo. Mtu anayejua kuogelea baharini hushangaa miguu inazama na anachoka mapema, na ukiongeza kwamba mpo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, pumzi nayo inakatika haraka kidogo. Maji yenyewe si ya barafu, juu ni nyuzi 23 hadi 25.

Mchana upepo huamka. Ufuo wa Gisenyi uko ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 90, kwa hiyo upepo wa kusini ukivuma, mawimbi yanakuja kuishia miguuni penu. Asubuhi pametulia, alasiri pana vurugu. Mkisikia radi hata kwa mbali, tokeni majini na msijikinge chini ya mti.

---

Kasoko alijibu:

Msambaza kamaliza maji, mimi naomba gesi, maana hapa maneno yamechanganywa mawili kuwa moja.

Jambo la kwanza ni gesi iliyo *ndani* ya ziwa. Chini kabisa mna methani, kama kilomita za ujazo 60, na hewa ukaa kama kilomita za ujazo 300, ukizipima kama zingekuwa huku juu. Zimeyeyuka majini kwa sababu ya mgandamizo, sawasawa na soda iliyofungwa. Chemchemi za moto zenye chumvi huingia ziwani kwa chini, zinafanya maji ya kule yawe mazito, na maji mazito hayapandi. Juu, maji huchanganyika hadi mita 60 hivi tu. Ndiyo maana ziwa lina tabaka, na waogaji wako kwenye tabaka la juu lisilo na shida hiyo.

Hofu ya "kulipuka" ilitoka Kamerun. Mwaka 1986 Ziwa Nyos lilitema hewa ukaa usiku, watu wapatao 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, kwa hiyo likitema itakuwa balaa, hilo hakuna anayebisha. Lakini hata pale penye gesi nyingi zaidi, mgandamizo wa gesi ni kama nusu tu ya mgandamizo wa maji yanayoikalia. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, jirani ya Gisenyi upande wa Kongo, ikaingia ziwani, na tabaka la gesi halikuguswa. Si sababu ya kuahirisha safari.

Jambo la pili ndilo linaloua watu mmoja mmoja: *mazuku*. Hii si gesi ya ziwa. Ni hewa ukaa inayopenya kwenye nyufa za mawe ya lava na kutuama mabondeni. Watu wa Goma hulifasiri neno hilo kuwa upepo mbaya. Mtu wa pwani atakumbuka mizuka, na kwa kweli tabia zake zinafanana: haina rangi, haionekani, inamkuta mtu amelala. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujaa kwenye shimo kama maji. Mtu mzima aliyesimama anapumua salama, mtoto au mbwa aliye chini kwenye shimo lilelile anaanguka.

Maeneo mabaya yapo zaidi upande wa Goma, magharibi ya mji na kando ya ghuba zake. Ufukwe wa mchanga wa Gisenyi, ulio wazi na unaopigwa na upepo, si pahala pa mazuku. Hata hivyo nidhamu ni ileile ukiwa popote kaskazini ya ziwa:

– Usikae, usilale wala usiweke mtoto kwenye kishimo kati ya mawe meusi, hata kama kina kivuli kizuri. Hasa alfajiri, kabla upepo haujaamka, kwa sababu usiku gesi hujikusanya na hakuna wa kuitawanya.

– Ukiona wadudu au ndege wamekufa pamoja mahali pa chini, au nyasi zimekauka duara wakati za pembeni ni mbichi, ondoka kwa kupanda juu.

– Kiberiti kikizimika chenyewe ukikishusha chini, hapo si pa kukaa. Lakini usifanye jaribio hili kwa kuinama na kichwa.

– Mtu akianguka kishimoni, usishuke kumfuata. Wengi hufa wawili wawili kwa njia hii. Mvuteni kwa kamba au mti mkiwa juu.

Kwa hiyo saa ya kuingia majini: Msambaza kasema asubuhi, naongeza, ngojeni jua lichomoze na upepo uanze kupuliza. Kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu hivi ndipo pazuri.

---

NyotaYaMwanza aliandika:

Asante sana wakuu, hapo kwenye kuelea sikuwahi kufikiria. Na hii methani si ndiyo wanayotengenezea umeme?

---

Kasoko alijibu:

Ndiyo. Ila mtambo mkubwa wa kwanza hauko Gisenyi, uko Karongi (zamani Kibuye), katikati ya ufuo wa Rwanda. Ulizinduliwa 2016, una megawati 26. Jukwaa linaloelea limeshusha mabomba hadi mita 350 hivi. Maji yakishaanza kupanda, mgandamizo unapungua, gesi inatoka yenyewe kama povu na kuvuta maji mengine nyuma yake. Pampu inahitajika kuanzisha tu. Gesi inaoshwa kupunguza hewa ukaa, kisha inapelekwa nchi kavu, na maji yanarudishwa chini ili tabaka zisivurugike. Hilo la kurudisha maji ndilo lenye mabishano zaidi kitaalamu, maana ukiyamwaga kwenye kina kisicho chake unachokoza ziwa.

Gisenyi kwenyewe ndiko majaribio yalikoanzia. Rasi ya Rubona, kusini mwa mji, ilitoa methani tangu 1963 kwa ajili ya tanuri za kiwanda cha bia. Kijana wako akisimama Rubona anaona kiwanda kile bado kipo.

---

JembeLaKale alijibu:

Nije kwenye historia. Mwambie kijana asimame mchangani, mgongo uelekee mji, uso uelekee maji. Kila kitu kinaonekana kutoka hapo.

Kulia kwake, mbali kidogo, ufuo unaendelea hadi kwenye majengo ya Goma. Katikati kuna mpaka. Mpaka ule ni wa mezani: Wajerumani na Wabelgiji walivutana kwa miaka kuhusu nani mwenye Kivu, wakamaliza kwa makubaliano ya Brussels mwaka 1910. Ufuo wa Gisenyi ukawa wa Mjerumani, Goma na kisiwa cha Idjwi vikawa vya Mbelgiji. Idjwi kwa wakati ule ilikuwa na historia yake nyingine, maana Mwami (mfalme) Kigeli IV Rwabugiri wa Rwanda alishaiteka kabla Mzungu yeyote hajaiona.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za ziwa hili baada ya kulifikia ni Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Alianzia safari pwani yetu, Pangani, akakutana na Rwabugiri mwezi wa tano, akapanda Nyiragongo, akateremka Kivu mwezi wa sita, akaendelea hadi Atlantiki. Hapa Mtanzania ana sababu ya kusikiliza: ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani vita vya Maji Maji vilipoanza 1905. Na meli ya MV Liemba ya Kigoma iliitwa jina lake kabla Wajerumani wenyewe hawajaizamisha 1916.

Vita Kuu ya Kwanza ilipigwa mpaka kwenye maji haya. Septemba 1914 Wajerumani wakaiteka Idjwi. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Mbelgiji yakavuka, na Rwanda yote ikabadili bwana. Askari na wachuuzi wa wakati ule ndio walioimarisha Kiswahili Gisenyi. Msishangae mkijibiwa Kiswahili sokoni kwa urahisi kuliko Kigali, na tangu 2017 ni moja ya lugha rasmi za Rwanda.

Sasa ageuke nyuma. Mawingu yakiruhusu, ataona volkano za Virunga. Hizo ndizo zilizolitengeneza ziwa lilivyo. Hapo kale maji ya bonde hili yalitiririka kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na Nile. Volkano zikaota katikati, zikaziba njia kama boma, maji yakapanda hadi yakafurika upande wa kusini kwa Mto Ruzizi, leo yanaishia Tanganyika. Yaani maji mnayooga Gisenyi yako njiani kwenda Kigoma.

Na samaki akaja kwa njia ya kinyume. Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, kina cha kati kitupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walileta vifaranga vya dagaa wa Tanganyika, aina mbili. Moja haikushika, nyingine, ile ambayo Kigoma huitwa lumbu, ikashika. Ndiyo sambaza ya leo. Jioni mtaziona mashua zikitoka tatu tatu, zimeunganishwa kwa miti mirefu, wavu ukiwa katikati na taa za kuvuta samaki, wapiga makasia wakiimba ili wapige pamoja. Mwezi mpevu ukiwa angani hawatoki wengi, kwa sababu taa hushindwa na mbalamwezi. Basi angalieni kalenda kabla ya kumwahidi mtoto.

La mwisho linataka staha. Julai 1994 serikali ya muda iliyosimamia Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ilikimbilia Gisenyi, na katika siku chache tu mamia ya maelfu ya watu wakapita mji huu kuingia Goma. Kule walipiga kambi juu ya mwamba wa lava, ambako huwezi kuchimba choo wala kisima. Wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Mjini Gisenyi kuna kumbukumbu ya wahanga wa mauaji ya kimbari, panapojulikana kama Commune Rouge. Kwa wa miaka 14 panafaa, mkiwa mmevaa nguo za heshima na si nguo za kuogea, simu mfukoni. Wadogo wabaki na bibi.

---

Msambaza alijibu:

Jembe, nyongeza ndogo: ukiuliza sambaza mkahawani, uliza pia kama msimu umefunguliwa. Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, na kipindi hicho unaweza kuletewa wa kukaushwa au wa barafu kwa bei ya wabichi. Mbichi iliyokaangwa vizuri inavunjika kwa mlio ukiiuma, kichwa na vyote. Ya barafu inalegea katikati.

---

DerevaWaLusahunga alijibu:

Kwa gari kutoka Mwanza: Kigongo–Busisi (daraja limeondoa foleni ya kivuko), Geita, Biharamulo, Lusahunga, Rusumo. Msijaribu kufika Gisenyi siku moja na watoto. Laleni Kigali, asubuhi mpite Musanze hadi Rubavu. Kigali–Rubavu ni kilomita 150 na ushei, lakini ni kona tupu milimani, wekeni saa tatu na nusu. Mwenye kutapika akae mbele.

Mkivuka Rusumo tu, mnahamia kuendesha upande wa kulia. Kosa halitokei mpakani, kwa sababu pale kila mtu yuko macho. Linatokea kesho yake asubuhi mkitoka hotelini barabara ikiwa tupu. Abiria wa mbele awe na kazi moja: kusema "kulia" kila gari linapoingia barabarani.

Karatasi: kila mtu, hata wa miaka 5, awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari yake mwenyewe. Kadi ya gari ya asili, na kama gari si lako, barua ya mwenye gari. Kadi ya njano ya bima, ambayo watu huichanganya na kadi ya njano ya chanjo. Mbebe zote mbili, ofisa akisema "kadi ya njano" muulizeni ipi. Mifuko ya plastiki iacheni Tanzania, inakamatwa. Nguo mbichi za kuogelea wekeni kwenye mfuko wa kitambaa au ndoo yenye kifuniko.

Saa: Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi za pamoja, asubuhi barabara zinatulia hadi karibu saa tano. Msipange kusafiri wakati huo.

Mpaka wa Goma: tangu mji ule ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mambo yamekuwa ya kubadilika. Mkiwa ufukweni msitembee kuelekea mpakani mkipiga picha, msipige picha askari, na mkikodi mashua mwambieni nahodha aelekee kusini, upande wa Rubona. Majini hakuna uzio, lakini mpaka upo.

---

NyotaYaMwanza aliandika:

Nimeandika yote daftarini. La mwisho: bibi hawezi maji ya ziwa, ana magoti. Zile chemchemi za moto zinamfaa? Na jaketi za kuokolea zinapatikana mashuani au tubebe?

---

Msambaza alijibu:

Chemchemi ziko Nyamyumba, karibu na Rubona, kilomita sita au saba kusini mwa mji, wenyeji wanaziita amashyuza. Yanapochomoza maji yanaunguza kabisa, kwa hiyo bibi akae pale yanapochanganyika na ya ziwa. Ajaribu kwa kiwiko kwanza, si kwa mguu, maana mguu wa mzee huchelewa kuhisi. Dakika kumi, atoke, apumzike, anywe maji. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari wake kabla ya safari. Watakuja vijana kumsugua na udongo na mitishamba: bei mkubaliane kabla hajaanza, si baada. Mto Sebeya unaingia ziwani upande huohuo. Kama mvua imenyesha jana yake na maji yana rangi ya chai ya maziwa, msiogelee hapo.

Jaketi za watu wazima zipo mashuani, za watoto usizitegemee. Beba za 5 na 9 kutoka Mwanza. Kipimo ni hiki: mtoto akivaa na kufunga kamba zote, mshike jaketi mabegani umnyanyue. Likipanda hadi kufunika masikio, ni kubwa kwake. Na liwe na ule mkanda unaopita katikati ya miguu, bila huo mtoto huchomoka kwa chini.